Tumbo Dogo, Miaka Mingi: Maisha Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Picha nyingi za waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito zinazozunguka mitandaoni ni za mwaka wa kwanza. Upande mmoja kuna gauni la zamani, upande wa pili mtu yuleyule kaingia mzima kwenye mguu mmoja wa suruali yake ya zamani. Picha za mwaka wa saba ni adimu. Kufikia hapo hakuna jipya la kuposti, na kazi iliyobaki haina mtazamaji: vidonge vya kila siku, vipimo vya damu, sahani ndogo, na mizani ambayo imeanza kupanda tena kidogo.

Huo mwaka wa saba ndio ninaotaka kuuzungumzia, kwa sababu watu wengi huingia chumba cha upasuaji wakiwa wameandaliwa kwa miezi sita tu.

Tuanze na namba. Huko Utah, Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 12 watu waliofanyiwa upasuaji wa baipasi, moja ya aina mbili kuu nitakazozieleza hapo chini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Baada ya miaka 2, kwa wastani walikuwa wamepungua kilo 45. Baada ya miaka 6, kilo 36. Baada ya miaka 12, kilo 35. Kwa hiyo kilo kama kumi zilirudi, zilirudi ndani ya miaka ile ya mwanzo, kisha uzito ukatulia. Upande wa kisukari cha aina ya pili, kilikuwa kimetulia kwa asilimia 75 ya waliokuwa nacho walipofikisha miaka 2, asilimia 62 kwa miaka 6, na asilimia 51 kwa miaka 12. Laiti ningekuwa na mamlaka, hakuna ambaye angesaini fomu ya ridhaa kabla hajazisoma namba hizi. Zinatia moyo, na papo hapo zinamnyima mtu ile ndoto ya kwamba tatizo limekatwa likatupwa.

Utafiti mwingine mkubwa, wa Sweden, ulianza mwaka 1987 na umefuatilia watu kwa zaidi ya miaka 20. Waliopasuliwa waliishi takriban miaka 3 zaidi kuliko wenzao wenye unene kama wao waliopata matibabu ya kawaida. Hata hivyo, hawakufikia umri wa watu wengine wa Sweden. Walipungukiwa na miaka 5 na nusu. Unene uliokaa mwilini miaka mingi huacha madhara yake kwenye moyo na mishipa, na kisu hakifuti yote.

Kwa nini uzito hurudi

Operesheni mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani leo. Ya kwanza ni slivu, ambapo daktari huondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo na kuacha mrija mwembamba. Ya pili ni baipasi: juu kabisa ya tumbo hutengenezwa kifuko cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Lile puto linalowekwa tumboni, ambalo Watanzania wengi wamelisikia kupitia Hospitali ya Muhimbili Mloganzila, ni kitu kingine. Puto hutolewa baada ya miezi kadhaa na tumbo hubaki kama lilivyokuwa, kwa hiyo mengi yaliyomo humu hayamhusu aliyewekewa puto.

Watu hudhani upasuaji hufanya kazi kwa kupunguza nafasi tu. Nafasi ni sehemu ndogo ya habari. Sehemu ya juu ya tumbo hutengeneza homoni ya njaa inayoitwa grelini, na kwenye slivu sehemu hiyo ndiyo inayokatwa. Kwa operesheni zote mbili, chakula hufika utumboni haraka kuliko zamani, na utumbo hujibu kwa kumwaga homoni za shibe, mojawapo ikiwa GLP-1, homoni ileile inayoigwa na sindano za kupunguza uzito zilizovuma miaka hii. Ndiyo maana katika miezi ya mwanzo mtu husahau kula. Huona pilau na moyo wake usishtuke.

Lakini mwili una upande wake. Mafuta yanapopungua, homoni ya leptini hushuka, na ubongo husoma hali hiyo kama njaa ya ukame. Hupunguza matumizi ya nguvu, kisha polepole huirudisha hamu. Wengi huanza kuihisi njaa tena kati ya mwezi wa 12 na wa 24. Hapo ndipo hofu huingia: "Tumbo langu limetanuka." Kweli hutanuka kiasi, ila mara nyingi kinachopandisha mizani ni vile vyakula laini vinavyoteremka bila kizuizi. Ugali mgumu utakukatalia baada ya matonge mawili. Soda, juisi ya boksi, biskuti, aiskrimu na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari havikatai kamwe. Mtu anaweza kukaa kutwa nzima akidonoa karanga na kashata, akawa kweli hajala mlo, na bado akaongezeka.

Kwa hiyo kilo chache zikirudi katika mwaka wa tatu, hiyo ni tabia ya mwili wa binadamu wala si uvivu wa mwenye mwili. Kinachohitaji daktari ni zikiendelea kurudi bila kusimama.

Kitoweo kwanza

Chakula chetu kimejengwa juu ya wanga. Ugali, wali, chapati, ndizi au muhogo huchukua sehemu kubwa ya sahani, kitoweo kikawa cha kuuteremshia. Baada ya upasuaji mpangilio huo unageuzwa, na unabaki umegeuzwa maisha yote. Kitoweo huliwa kwanza, mboga za majani zifuate, wanga uingie mwisho kama bado kuna nafasi.

Sababu yake ni hesabu. Wataalamu wa lishe hutaka mtu aliyefanyiwa upasuaji huu apate gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi. Mayai mawili asubuhi ni 12. Kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja, kama gramu 100 kikiwa kimepikwa, hutoa 20 na ushei. Glasi ya mtindi hutoa 8. Nusu kikombe cha maharage au ndengu hutoa 7. Ongeza kipande kidogo cha kuku usiku, na ndiyo kwanza unavuka 60. Ukianza na matonge matatu ya ugali, hesabu hiyo haitafika popote, na mwili utajitafutia protini kwenye misuli. Dagaa ni neema hapa. Ni laini wakichemshwa vizuri, bei yao ni nafuu, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao huleta pia madini ya chokaa.

Baadhi ya vyakula hubaki vigumu kwa miaka. Chapati, mkate mweupe na wali mkavu hujifinyanga vikawa donge. Nyama choma ngumu na kuku wa kienyeji asiyeiva sawasawa hukwama. Aliyewahi kukwamwa anaijua dalili: kifua kinabana katikati, mate yanajaa mdomoni kama povu, na unatafuta mlango. Kutafuna mpaka chakula kiwe uji, kuweka kijiko chini kila baada ya tonge, na kutokunywa maji pamoja na chakula bali kungoja nusu saa, ni mambo yanayoonekana ya kitoto mpaka siku utakapoyapuuza mbele ya wageni.

Na wageni ndio mtihani. Chukua sinia la pilau kwenye harusi ya Mombasa au Tanga. Watu wanne au watano wanalizunguka, kila mmoja anakula upande wake kwa mkono, na mwenye nyumba anapita akiongeza. Hakuna kipimo, hakuna mahali pa kuficha ulichoacha, na kasi ni ya kundi zima. Anayekula kidogo huonekana anadharau. "Mwanangu, mbona huli? Chakula kibaya?" "Chakula kitamu, shangazi, nimeshiba." "Umeshiba nini na hujagusa!" Wenye uzoefu huja na mbinu. Huvuta vipande vya nyama upande wao, huvichambua taratibu kwa vidole, mkono ukienda na kurudi kama wa wengine, na wali husogezwa tu. Wengine humwambia mwenyeji mapema, kwa faragha, kwamba wana tatizo la tumbo. Hilo si uongo.

Sukari ina mtego wake, hasa kwa waliofanyiwa baipasi. Chakula chenye sukari nyingi kikimwagika ghafla kwenye utumbo, huvuta maji kutoka mwilini, na ndani ya dakika 10 hadi 30 mtu hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, tumbo husokota, kuhara kukafuata. Kuna aina ya pili inayochelewa, ya saa 1 hadi 3 baada ya kula: insulini humwagwa kupita kiasi, sukari ya damu ikashuka, mtu akatetemeka na hata kuzimia. Hii ya pili inaweza kuanza mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, wakati hakuna tena anayeihusisha na tumbo. Anayekunywa soda ili kuituliza huanzisha mzunguko upya. Ikiwa sukari imeshashuka, kiasi kidogo cha kitu kitamu kinahitajika, kisha kifuatiwe na protini. Ila tiba halisi ni kupunguza wanga na sukari katika milo yote, na kumwona daktari ikijirudia.

Fikiria basi meza ya futari: tende, uji wa sukari, kaimati, tambi, viazi vitamu vya nazi, juisi ya ukwaju. Baada ya saa 13 za kufunga, tumbo dogo linapokea sukari hiyo yote kwa dakika tano. Madaktari wengi huwashauri wagonjwa wao wasifunge kabisa katika mwaka wa kwanza au hata zaidi, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Kwa miaka inayofuata, wanaofunga salama huanza na maji kwa mafunda madogo na tende moja, husubiri, kisha hula samaki au supu yenye nyama laini. Tatizo kubwa zaidi ni maji. Lita moja na nusu haigugumiwi na tumbo la namna hii, kwa hiyo inabidi kunywa kidogokidogo toka futari hadi daku, chupa ikiwa mkononi hata baada ya tarawehe. Mwenye kisukari anayetumia insulini, mjamzito, na anayepata shambulio la sukari kushuka hawafai kujaribu bila daktari wao.

Upungufu unaonyemelea

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote kwa mgonjwa wa Afrika Mashariki, kwa sababu haina maumivu mwanzoni.

Vitamini B12 huhitaji asidi ya tumbo na protini maalumu inayotengenezwa tumboni ili iingie mwilini. Ukikata tumbo au ukiliruka, njia hiyo huharibika. Ini huwa na akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu aliyeacha vidonge mwezi wa nane hujiona mzima kabisa mwaka wa pili. Mwaka wa tatu au wa nne miguu huanza kufa ganzi na kuwaka moto. Akienda zahanati na historia yake ya kisukari, ataambiwa ni mishipa ya fahamu iliyoharibiwa na sukari. Na kama bado anameza metformini, dawa ya kisukari, nayo hupunguza B12. Mishipa ikichelewa kutibiwa haiponi yote. Dawa yenyewe ni nafuu ajabu: vidonge vya kila siku vya kati ya mikrogramu 350 na 1,000, au sindano moja ya mikrogramu 1,000 kila mwezi.

Madini ya chuma nayo hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo, palepale panaporukwa na baipasi. Wanawake walio kwenye hedhi ndio wanaoumia kwanza: kuchoka, kupumua kwa shida kwenye ngazi, moyo kudunda, hamu ya kula udongo au barafu. Kwetu, damu ikipungua kila mtu hufikiria malaria au minyoo, mgonjwa hupewa dawa hizo na kurudi nyumbani. Chai hufanya mambo yawe mabaya zaidi, maana huzuia chuma kisifyonzwe, na sisi tunaiteremshia kila kitu. Kidonge cha chuma kimezwe mbali na chai, na pia mbali na kidonge cha kalisi (yale madini ya chokaa), kwa tofauti ya saa 2 angalau, kwa sababu vinagombania mlango mmoja.

Kalisi yenyewe inahitajika miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, kwa mafungu mawili au matatu. Ya aina ya sitrati ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa ile ya kabonati inayouzwa kila duka la dawa hutegemea asidi ambayo sasa ni haba. Vitamini D huenda nayo. Usidanganywe na jua letu. Watu wenye unene mkubwa mara nyingi huwa na upungufu wa vitamini D hata kabla ya kupasuliwa, na mifupa hupoteza uzito wake polepole kwa miaka bila kutoa dalili yoyote mpaka ivunjike.

Kuna upungufu mmoja usiongoja miaka. Mtu aliyepasuliwa akitapika mfululizo kwa siku kadhaa, iwe mwezi wa pili au mwaka wa tano, akiba ya vitamini B1, yaani thiamini, huisha ndani ya wiki chache, na ubongo unaweza kudhurika: macho kucheza au kuona viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Kinachotisha ni kwamba hospitali nyingi humwekea anayetapika dripu ya glukosi mara tu anapofika, na glukosi bila B1 huweza kuchochea madhara hayo. Ndugu anayempeleka mgonjwa anapaswa kuijua sentensi hii moja na kuisema mapokezini: "Amefanyiwa upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, anatapika, apewe thiamini kabla ya glukosi."

Nywele kunyonyoka, ambako huwatia watu hofu kuliko yote haya, ndiko kwenye madhara madogo. Huanza mwezi wa tatu hivi, na kwa wengi hukoma ndani ya mwaka mmoja nywele zikaota tena. Zikiendelea kunyonyoka mwaka wa pili, tafuta chuma na protini kwanza kabla ya kununua mafuta.

Vipimo vya damu huwa vya mara kwa mara mwaka wa kwanza, kisha mara moja kila mwaka mpaka mwisho wa maisha: wingi wa damu, chuma, B12, foleti, vitamini D, kalisi, figo na ini. Aliyepasuliwa India au Uturuki akarudi Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura mara nyingi hana kliniki inayomwita. Inabidi ajiite mwenyewe. Na kabla hajapanda ndege ya kurudi, adai ripoti kamili ya operesheni kwa Kiingereza, inayotaja ni aina gani, utumbo ulirukwa kwa urefu gani, na kama matundu yaliyobaki kati ya matumbo yalishonwa. Karatasi hiyo itahitajika siku asiyoitarajia.

Dawa za kawaida zinapogeuka

Diklofenaki na ibuprofeni zinauzwa kama peremende. Mgongo ukiuma, goti likiuma, mtu hununua vidonge sita kwenye karatasi bila swali. Kwa aliyefanyiwa baipasi, dawa hizi ni chanzo kikubwa cha vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, na vidonda hivyo hutoboka au kuvuja damu. Sigara hufanya vivyo hivyo. Paracetamoli inaruhusiwa. Aliyefanyiwa slivu ana nafasi zaidi, lakini naye asitumie kiholela.

Dawa za shinikizo la damu na kisukari huhitaji kupunguzwa uzito unaposhuka, na huenda zikahitaji kuongezwa miaka ya baadaye. Vidonge vinavyoyeyuka polepole kwa kutwa nzima huenda visifanye kazi ipasavyo kwenye njia iliyofupishwa. Kuna na jambo ambalo halitajwi vya kutosha: wanaotumia ARV zenye dolutegraviri, ambazo ndizo chaguo la kwanza katika nchi zetu, wasizimeze pamoja na kalisi au chuma tumbo likiwa tupu. Ama dawa itangulie kwa saa 2, ama ifuate baada ya saa 6, ama zote zimezwe pamoja na chakula. Mtu anayejitahidi kumeza kila vitamini aliyoandikiwa anaweza, bila kujua, kuidhoofisha dawa inayomlinda.

Kwa wanawake, uzito ukishuka yai hupevuka tena, hata kwa waliokuwa wameambiwa wana tatizo la homoni na hawatazaa. Furaha hiyo ina wakati wake. Hushauriwa mimba ingoje kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, na kwa aliyefanyiwa baipasi vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea. Kijiti au kitanzi ni salama zaidi. Mimba ikiingia, mkunga aelezwe kuhusu upasuaji, kwa sababu kile kipimo cha kunywa glasi ya glukosi ili kutafuta kisukari cha mimba kinaweza kumwangusha mama palepale kliniki. Badala yake hupimwa sukari kwa kidole kwa siku kadhaa.

Na maumivu ya tumbo. Aliyefanyiwa baipasi akipata maumivu makali yanayokuja na kuondoka, hasa baada ya kula, hata kama ni mwaka wa sita na uzito wake uko vizuri, huenda utumbo umeteleza ndani ya tundu lililoachwa na upasuaji na unanyongwa. Akiandikiwa dawa za taifodi au za vidonda vya tumbo akarudi nyumbani kulala, anaweza kupoteza utumbo au maisha. Hapa ndipo ile ripoti ya operesheni inapofaa. Waliofanyiwa slivu shida yao ya kawaida ni kiungulia. Kikidumu kapimwe kwa kamera, na wapo wanaolazimika kubadilishiwa kuwa baipasi.

"Umekonda, unaumwa?"

Ulaya aliyepungua hupongezwa. Kwetu hupongezwa pia, lakini kabla ya pongezi kuna macho. Kizazi kilichozika ndugu miaka ya tisini hakijasahau kukonda kulimaanisha nini, na mtu akipungua kilo 40 kwa mwaka, mtaa una jibu lake tayari. Wapo wanaoamua kusema wazi kwamba walifanyiwa upasuaji, wakaambiwa wamechezea kazi ya Mungu au wamechukua njia ya mkato. Wapo wanaonyamaza wakasingiziwa ugonjwa. Sioni jibu moja linalomfaa kila mtu, ila angalau mtu mmoja nyumbani ajue ukweli wote, maana ndiye atakayesimama mapokezini siku ya dharura.

Ngozi ndiyo siri nyingine. Tumbo, mikono na mapaja hubaki yamening'inia, na kwenye joto la pwani mikunjo huota fangasi na kunuka. Watu waliotarajia mwili wa picha hujikuta wanajificha zaidi kuliko walipokuwa wanene. Upasuaji wa kuondoa ngozi hungoja mpaka uzito utulie, na kwa kawaida gharama yake humwangukia mgonjwa mwenyewe.

Kuhusu ndoa, takwimu za Sweden zilionyesha jambo la pande mbili: waliokuwa na wenzi waliachana zaidi baada ya upasuaji, na waliokuwa peke yao walipata wenzi zaidi. Si vigumu kuelewa. Mtu aliyekuwa akila na mwenzake sahani moja kila usiku sasa anakula vijiko vinne. Aliyekuwa hatoki sasa anatoka. Aliyekuwa akivumilia maneno sasa havumilii.

Pombe inahitaji onyo lake. Baada ya baipasi hupanda kichwani kwa dakika chache na kukaa muda mrefu, kiasi kwamba bia moja inaweza kumweka dereva juu ya kiwango cha sheria. Katika utafiti mkubwa wa Marekani, mtu mmoja kati ya watano waliofanyiwa baipasi alipata dalili za ulevi wa matatizo ndani ya miaka mitano, ingawa hakuwa nazo mwaka mmoja kabla ya upasuaji. Aliyekuwa akijituliza kwa chakula amenyimwa chakula, na huzuni yake haikukatwa pamoja na tumbo. Huko Ontario, Kanada, watafiti waligundua kwamba visa vya waliopasuliwa kujidhuru hadi kufikishwa hospitali viliongezeka kwa takriban nusu ukilinganisha na kabla ya upasuaji, vingi vikiwa mwaka wa pili na wa tatu. Idadi yao ni ndogo, lakini ona miaka yenyewe: ni ileile ambayo njaa inarudi, pongezi zinakauka na kliniki imeacha kupiga simu. Kiongozi wa dini husaidia. Mshauri wa afya ya akili husaidia vilevile, na kumwona hakuhitaji mtu awe amefika ukingoni.

Uzito ukirudi sana

Aliyepungua kilo 45 akarudisha 10 amefuata mkondo wa wengi. Aliyerudisha 30 ana sababu inayotafutika, na utafutaji huanza na maswali ya kawaida: anakunywa nini, analalaje, ameanza dawa gani mpya, maana steroidi, insulini na baadhi ya dawa za akili hunenepesha. Kisha daktari hutazama kwa kamera kama kifuko au mrija umepanuka, au kama umejitengeneza upenyo kati ya kifuko na tumbo la zamani. Wachache hufaidika na operesheni ya pili, ambayo ina hatari kubwa kuliko ya kwanza. Siku hizi wengi zaidi hupewa sindano za semaglutaidi au tirzepataidi, kwa mantiki iliyonyooka: homoni iliyopandishwa na upasuaji inapungukiwa nguvu, basi iongezwe kutoka nje. Sindano hizo ni ghali, za bandia zimeshakamatwa katika nchi mbalimbali, na ukiacha kuzitumia uzito huelekea kurudi, kwa hiyo zinunuliwe kwa cheti kwenye duka la dawa linaloeleweka.

Kinachowachelewesha wengi kurudi kliniki ni aibu. Mtu anaogopa daktari atamwambia, "Nilikupasua bure." Daktari anayejua kazi yake hasemi hivyo, na akisema, mtafute mwingine. Aliyerudisha kilo 8 akaenda mapema ana njia nyingi za kusaidiwa. Aliyengoja mpaka 30 amebakiwa na chache, na mara nyingi B12 yake nayo iko chini, kwa sababu siku alipoacha kwenda kliniki ndiyo siku alipoacha na vidonge.